Simu Haina Mwamuzi

Asubuhi ya Tunduma huanzia kwenye foleni. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yamejipanga ubavuni mwa barabara, na dereva anayesubiri karatasi zake za forodha hana la kufanya ila kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vizibo vya soda mbele yake, akibishana na mbeba mizigo kama kingi imeliwa kihalali au la. Ni kwenye kijiwe cha namna hiyo kijana mmoja, mbadilisha fedha, aliniinamia na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Drafti hakuwa na habari nayo. Alikuwa anacheza sataranji, chesi kama wenzake wanavyoiita, na mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua.

"Kaka, ona. Elfu mbili na hamsini," akasema. "Masta Mtarajiwa anatakiwa elfu mbili na mia mbili. Nimebakiza mia na hamsini tu."

Nilimpongeza, kwa sababu alistahili. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hiyo mia na hamsini haipo, kwamba safari anayodhani anaimalizia bado hajapandia basi lake. Nayasema hapa leo, na siwalengi vijana kama yeye. Nawalenga watu wazima waliomjaza imani hiyo.

Imani yenyewe mmeisikia. Husemwa kwenye mabonanza, kwenye vikao vya michezo, na kila anayetaka kuonekana anakwenda na wakati huirudia: dunia sasa iko kiganjani. Kijana wa Vwawa, wa Mlowo au wa Tunduma hana kisingizio tena. Anunue bando, aingie mtandaoni, acheze na Mrusi na Mhindi, na akiwa na akili atapanda mwenyewe hadi Grandmasta bila kumsumbua mtu. Maneno matamu. Pia si kweli, na ubaya wake mkubwa ni kwamba yanawapumzisha wale waliopaswa kutafuta ukumbi, meza na saa.

Nianze na hiyo elfu mbili na hamsini. Kila mtandao wa sataranji una pointi zake, zilizokokotolewa kwa kanuni yake, miongoni mwa watu wake. Kwenye Lichess, mtandao wa bure ulioanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, mgeni anaanzia pointi 1500 hata kama jana ndiyo kajua farasi anavyoruka. Retingi ya FIDE, shirikisho la dunia lililozaliwa Paris mwaka 1924, ni kitu kingine. Inafuata hesabu za Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani, hesabu ambazo FIDE ilizichukua mwaka 1970. Tarakimu zinafanana, thamani hazifanani. Kijana anayebadilisha kwacha kwa shilingi kutwa nzima pale mpakani analijua jambo hili kuliko mimi: noti ya mia na noti ya mia si lazima zinunue mkate mmoja. Tofauti ni kwamba yeye ana bei ya kubadilishia, na kati ya pointi za simu na retingi ya FIDE hakuna duka la kubadilishia. Uwe na 2050 au 2500 ya mtandaoni, kwenye orodha ya FIDE jina lako halipo.

Sasa tazama cheo kinadai nini. Masta Mtarajiwa, CM, ni retingi ya 2200. Masta wa FIDE, FM, ni 2300. Hapo angalau ni pointi tu. Kuanzia Masta wa Kimataifa, IM, mambo yanabadilika: 2400, pamoja na kile wachezaji wanachokiita nomu, yaani shindano zima ambalo umecheza kwa kiwango cha cheo unachokitafuta. Grandmasta ni 2500 na nomu zinazotimiza angalau michezo 27, kwa kawaida mashindano matatu ya raundi tisa tisa. Na nomu haipatikani kwa kumfunga yeyote anayekuja mbele yako. Angalau nusu ya wapinzani wawe na vyeo. Watatu kati yao wawe Magrandmasta. Wastani wa retingi zao ufike 2380. Nawe ucheze kama mtu wa 2600. Wapinzani hao, kwa kanuni ya kawaida, watoke katika mashirikisho tofauti, si wa nchi yako peke yake.

Soma sharti hilo la Magrandmasta watatu ukiwa umekaa Tunduma. Watatu katika ukumbi mmoja, kwa siku zisizopungua tano. Bando la simu linawaleta?

Najua nitajibiwa kwamba hata FIDE yenyewe hutoa vyeo vya mtandaoni. Ni kweli. Kuna vyeo vya Arena, vinavyopatikana kwenye uwanja wa FIDE wa mtandaoni: Masta Mtarajiwa wa Arena kwa anayefikisha 1100 za uwanja huo, na ngazi zikipanda hadi Grandmasta wa Arena kwenye 2000. Sivibezi. Mtoto wa sekondari ya Mlowo akikipata cha kwanza, mwalimu wake akakibandika ukutani, nitapiga makofi. Lakini zitazameni namba zenyewe: Grandmasta wa Arena ni 2000, Grandmasta wa ubaoni ni 2500 na nomu. Mtu anayemwambia kijana kwamba hivi viwili ni ndugu anatumia neno moja kuficha milima miwili. Kijana atakwenda nalo kwenye shindano la Lusaka au Nairobi, atajitambulisha hivyo, na ataumia kwa jinsi watakavyomtazama.

Kuna hoja nyingine ambayo wasifiaji wa simu hawaigusi kabisa. Ukifungua Chess.com au Lichess utaona herufi ndogo pembeni ya majina fulani: GM, IM, FM. Watu hudhani mtandao ndio uliozigawa. Hapana. Mchezaji ametuma uthibitisho kwamba yeye ndiye yule aliye kwenye orodha za FIDE au za chama chake cha taifa, na mtandao ukakubali. Herufi zimetoka ubaoni, kwenye ukumbi wenye meza na mwamuzi, ndipo zikaingia kwenye simu. Na zikishaingia hufungua milango ambayo wewe usiye nazo huioni: mashindano ya kila Jumanne ya Chess.com yenye zawadi za fedha ni ya wenye vyeo tu. Kwa hiyo hata ule mlango wa kiganjani, ambao tunaambiwa uko wazi kwa wote, chumba chake cha ndani kimefungwa kwa ufunguo unaochongwa nje ya mtandao.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu simu haina mwamuzi. Programu ya bure iliyomo kwenye simu ya bei rahisi leo inamshinda hata bingwa kama Magnus Carlsen bila jasho, na anayecheza na wewe usiku anaweza kuwa nayo pembeni. Mitandao inawanasa wengi, lakini haiwezi kukaa chumbani mwao. Cheo ni ushahidi, na ushahidi unataka shahidi: mtu mwenye leseni aliyeona kete zikisogezwa, saa ikibonyezwa, karatasi za hatua zikitiwa saini na wachezaji wote wawili. Sisemi kwamba vijana wa mkoa wetu wa Songwe wanadanganya. Nasema kwamba yule asiyedanganya ndiye anayeumia zaidi, maana hana wa kumshuhudia.

Halafu kuna muda. Ukizoea michezo ya dakika tatu, mkono wako unajifunza kuwahi. Mchezo wa kuhesabiwa kwenye retingi ya kawaida, hata kwa wachezaji wa chini ya 1800, unataka angalau dakika 60 kwa kila mmoja. Ukipanda kati ya 1800 na 2400 ni dakika 90. Kukaa saa tatu na nafasi mbovu bila kunyanyuka ni kazi nyingine, na haifundishwi na mchezo unaoweza kuuacha betri ikiisha.

Wapo watakaosema: sawa, basi wachezaji wa Tunduma wajikusanye wenyewe, wapate retingi, wapandishane. Hapa ndipo penye siri ya hesabu za Elo ambayo ningependa kila afisa michezo aijue. Pointi hizo hazizalishwi kama mahindi. Zinahamishwa kama fedha. Wachezaji wawili wapya wenye 1500 wakikutana, anayeshinda anachukua 20 na anayeshindwa anapoteza 20 zilezile. Jumla ya kijiwe haijaongezeka hata moja. Sasa chukua vijana 20 wa Songwe wacheze wenyewe kwa wenyewe miaka mitano. Wote watakuwa wameiva, kila mmoja akimfunga yule aliyekuwa yeye miaka mitano nyuma, lakini karatasini wastani wao unaweza kubaki palepale. Akitokea mmoja wao mwenye kipaji cha ajabu akawapita kwa pointi 400, ajue anatembea juu ya miiba. Kwa mchezaji aliyekwisha kucheza michezo 30 na kuvuka umri wa miaka 18, ushindi dhidi ya aliye chini kwa kiasi hicho unampa pointi 1.6. Sare moja inamnyang'anya 8.4. Ashinde mara tano mfululizo, kisha atoke sare siku moja ana homa, na amerudi nyuma ya alipoanzia.

FIDE wenyewe walikiri kwamba pointi za chini zilikuwa zimenywea: Machi 1, 2024 waliwaongezea wachezaji wote wa chini ya 2000 asilimia 40 ya walichopungukiwa hadi kufika hapo, wakapandisha na sakafu kutoka 1000 hadi 1400. Mwenye 1500 akaamka na 1700. Ilikuwa dawa, lakini dawa ya mara moja. Kijiwe kilichofungwa kitanywea tena. Kinachokifungua ni wageni: watu wanaokuja na pointi zao kutoka kwingine wakaziacha mezani, na wenyeji wanaosafiri kwenda kuzifuata.

Na hapa Tunduma ina bahati isiyokuwa nayo Vwawa, Iringa wala Songea. Vuka barabara, uko Nakonde, nchi nyingine, shirikisho jingine. Ng'ambo hiyo ndiko alikotoka Grandmasta wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara, Amon Simutowe, mzaliwa wa Ndola.

Napenda sana kuitaja habari ya Simutowe kwa wasifiaji wa kipaji na bando. Mwaka 2000, kule Yerevan, alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa vijana wa chini ya miaka 20. Ya pili duniani! Nani atasema hakuwa na kipaji tayari? Lakini nomu yake ya mwisho aliipata mwaka 2007, Arnhem, Uholanzi, na cheo chenyewe kikaja mwaka 2009. Katikati ya miaka hiyo alikuwa Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Texas kule Dallas, kwa udhamini wa masomo uliotokana na sataranji. Kama yeye ilimchukua muda huo, naye alikuwa kaishi karibu na mashindano, huyu wetu anayesubiri foleni ya kubadilisha noti tunamwambia nini? Aongeze bando?

India hutajwa mno katika mabishano haya, nami naikubali India, ila isomwe vizuri. Viswanathan Anand alikuwa Grandmasta wa kwanza wa India mwaka 1988. Simu janja ilikuwa wapi mwaka 1988? Alijengewa mchezo wake kwenye klabu ya Chennai, kwenye meza, na watu. Leo India ina Magrandmasta zaidi ya themanini, na Gukesh alipata cheo akiwa na miaka 12 mwaka 2019, akawa bingwa wa dunia mwaka 2024. Mtandao umewasaidia kufanya mazoezi, hilo sina ubishi nalo. Lakini kilichowatoa ni mashindano ya wazi yaliyosambaa nchini mwao, mahali ambapo mtoto wa miaka saba anakutana na mzee wa 2100 bila kuvuka bahari.

Kuna njia ya pili ya vyeo, na Afrika Mashariki tunaijua. FIDE hutoa vyeo vya moja kwa moja kwa wanaofanya vizuri katika mashindano ya kanda, ya bara na katika Olimpiadi ya sataranji. Kwa njia ya bara Kenny Solomon wa Afrika Kusini alipata Ugrandmasta aliponyakua ubingwa wa Afrika, Windhoek, mwaka 2014. Kwa njia ya Olimpiadi, Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alirudi na cheo cha Masta Mtarajiwa wa Kike kutoka Istanbul mwaka 2012. Wapo wanaokejeli vyeo hivi, wakisema ni vya huruma, vya kugawia mabara maskini. Kejeli hiyo inaniudhi. Mtoto aliyefundishwa na Robert Katende kwenye banda la mtaa wa mabanda, akacheza raundi kwa raundi dhidi ya watu wenye makocha wa kulipwa, hakupewa kitu. Siku hizi FIDE imeweka na kiwango cha chini cha retingi hata kwa njia hiyo, kwa hiyo hoja ya huruma imekwisha miguu.

Lakini hata njia hiyo, tazama inaanzia wapi. Inaanzia timu ya taifa, yenye watu watano kwa kila upande. Timu ya taifa inachaguliwa kwa mashindano ya taifa. Na mashindano hayo, pamoja na mengi yenye retingi, kwa sehemu kubwa yamezoea Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka mpakani. Nauli, malazi, siku za kazi zilizopotea: kijana wa kubadilisha fedha anaulizwa atoe mtaji wake wote akacheze raundi za wikiendi dhidi ya watu waliolala kwao.

Hata hivyo, sikubali kwamba tatizo la Songwe ni kubwa mno. Cheo ni mbali. Retingi ya kwanza si mbali. Haihitaji Grandmasta hata mmoja. Inahitaji michezo mitano dhidi ya wapinzani wenye retingi, katika shindano ambalo chama cha taifa kimelisajili FIDE kabla halijaanza, chini ya mwamuzi mwenye leseni. Kwa muda wa dakika 60 kwa kila mchezaji, raundi tatu Jumamosi na mbili Jumapili zinatosha. Ukumbi wa shule upo. Meza zipo. Mbao za plastiki na saa kumi za kidijitali ni gharama ambayo wafanyabiashara wachache wa mji huu wanaweza kuichangia wakiombwa kwa heshima. Wachezaji kumi wenye retingi ya chini ya 1800 waitwe kutoka Mbeya, Dar es Salaam na ng'ambo ya Nakonde, wa Zambia wakija bila viza kama sisi tunavyokwenda kwao. Mara mbili kwa mwaka. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa mwaka 2019 ili bidhaa zivuke haraka. Pointi za Elo nazo zinavuka kwa hati ya kusafiria tu.

Kuna atakayesema mkoa uliozaliwa mwaka 2016 una madeni makubwa zaidi ya sataranji: maji, madawati, barabara za Ileje. Simbishii juu ya maji. Namuuliza tu mbona tunapata fedha za jezi na kombe kila msimu wa mpira, na hakuna anayeleta hoja ya madawati siku hiyo.

Na kuna wale wa vijiweni wanaoniambia, kwa upole, kwamba huu si mchezo wetu. Wetu ni bao na drafti. Wazee wangu, kaeni nyuma ya yule dereva wa lori anapowaza hatua sita mbele na vizibo vya soda, kisha mniambie ubongo huo unashindwa nini mbele ya kete thelathini na mbili. Kinachomtenga ni kwamba hakuna aliyewahi kuandika hatua zake, hakuna aliyemwekea saa, hakuna aliyelipeleka jina lake mahali popote.

Juzi nilipita tena pale. Yule kijana alikuwa amefika 2090. Safari hii nilikaa, nikamweleza yote haya taratibu, pamoja na ile habari ya 1.6 na 8.4, huku akinikatisha kila mara mteja anapokuja na kwacha zake. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukata tamaa kama nilivyohofia. Alizima simu, akaitia mfukoni, akauliza swali moja tu, ambalo bado nazunguka nalo kwa kila mwenye ofisi atakayekubali kuniona:

"Sasa kaka, hiyo michezo mitano inachezwa lini?"